Rangi Uliyotuma Kutoka Abijani

Kaka Wepia,

Huku Tiebele hatujambo. Mbuzi mwekundu kazaa pacha, na mtama umeota vizuri. Ile rangi ya mafuta uliyotuma tuliipaka kabla ya mvua. Nyumba iling'aa hata majirani wakaja kujitazama ukutani.

Mama hakuitaka. Alikuwa ameshaloweka maganda ya mti wa nere, ayachemshe na kupaka maji yake juu ya michoro kama kila mwaka. "Ukuta wa udongo unapumua," alisema. "Nyie mnataka kuuvalisha mfuko wa nailoni." Nikamwambia ni wewe uliyetuma. Akafunika chungu cha maganda, akasema, "Kama ni mwanangu, haya, ipakeni." Laiti angekataa.

Mvua iliponyesha, maji yaliingilia juu yakakosa pa kutokea. Rangi ikavimba kama ngozi iliyoungua, na juzi ukuta wa mbele ukalala chini. Mama alikuwa kisimani, hakuumia. Watu wakimuuliza, anasema, "Mvua ya mwaka huu ina wazimu." Jina lako halitaji. Kopo la rangi analinyweshea kuku, na ole wake atakayeligusa.

Wanawake wako tayari kuchora, na nere imeshachemka, inanukia ua zima. Lakini unajua kwetu sisi wanawake hupamba ukuta, hatuusimamishi. Nilipotaka kumwita fundi, Mama alinifokea: "Fundi wa nini? Kwani mimi sina mtoto wa kiume?"

Safari hii usitume kitu, kaka.

Mdogo wako,
Kachana