Nimekubali Mashirika Mawili ya Ndege, na Baba Ameshautangazia Mgahawa Mzima

Shangazi Verna mpendwa,

Nakuandikia nikiwa ndani ya gari nje ya shule ya urubani hapa Grand Forks, kwa sababu kule ndani kila mtu ananipongeza na mimi sitaki pongezi, nataka mtu wa kuniambia nifanye nini, maana nimefanya jambo la kijinga na sijui nitatokaje. Mimi nafundisha wanafunzi wa urubani, nina miaka ishirini na sita, na baada ya kukaa muda wote huu kwenye kiti cha mwalimu, upande wa kulia, nikiwazuia watoto wa watu wasituue, hatimaye nimetimiza saa za kuruka zinazotakiwa ili niajiriwe kurusha ndege za abiria, na mashirika mawili madogo yameniita, na Shangazi, nimeyakubali yote mawili, na mafunzo yao yanaanza Jumatatu ileile moja.

La kwanza ni Tallgrass, lina ndege za zamani kidogo za abiria hamsini, zinazunguka miji yetu ya ngano, Minot, Jamestown, Devils Lake, na kituo chake kiko Fargo, kwa hiyo ningepanga chumba pale na kwenda kazini kwa gari langu kama watu wengine. La pili ni Harborline, lina ndege mpya na pesa nzuri ya kukukaribisha, na wanasema ukishapata ukapteni kwao shirika kubwa linakuchukua, ila kituo ni Newark, mbali kule pwani ya mashariki, na anayeanza anakaa zamu ya kusubiri kuitwa, analala kwenye nyumba iliyojaa marubani na vitanda vya dabo deka, na akitaka kurudi kwao anaomba kiti kilichobaki wazi kwenye ndege yoyote inayoelekea huko. Na unajua kazi yetu ilivyo, siku unayoanza unapewa namba yako kwenye foleni, na namba hiyo ndiyo itakayoamua unarusha ndege gani, unapumzika lini, Krismasi inakukuta wapi, na ukihamia shirika jingine unaanza tena mkiani, kwa hiyo siwezi kusema nijaribu huku kidogo kisha nione.

Sasa kuna baba. Baba yangu, Arlo, ananyunyizia mashamba dawa kwa ndege nje kidogo ya Devils Lake, ndiye aliyenifundisha kuruka kabla sijaruhusiwa kuendesha gari, na tumebaki wawili tangu mama alipohamia Arizona na mume mwingine. Zamani, kabla sijazaliwa, baba naye aliitwa na shirika la ndege, akapewa hadi tarehe ya kuanza, na wiki ileile babu akapooza katikati ya mavuno, baba akawapigia simu akasema samahani, na hawakumwita tena. Hajawahi kulalamika, lakini shati jeupe alilolinunua kwa ajili ya siku ya kwanza bado liko kabatini kwenye mfuko wa dobi.

Nilipomwambia nimeitwa na mawili, alikuwa anakoroga supu yetu ya Jumapili, ya viazi na madonge ya unga, akasema bila kugeuka, "Newark. Hapo hakuna cha kufikiria."

"Baba, Fargo ni karibu."

"Karibu na nini? Huku kuna upepo na ngano, na mimi umeshanichoka. Nenda, mwanangu. Mimi si mgonjwa."

Kesho yake nikamkuta mgahawani na wazee wenzake wa meza ya dirishani, ameshawaambia wote, na Lyle wa ghala la mbegu akasema, "Mpisheni kapteni wa Newark akae. Ukipita juu yetu utupungie, usijifanye hutujui." Baba akacheka kwa sauti ambayo si yake. Fargo nilikuwa nimeshawakubalia, lakini nilipotoka pale nikapiga simu Newark nikawakubalia nao, na hadi leo sijapata ujasiri wa kumkataa yeyote.

Ukweli ni kwamba nataka Fargo. Nikiwa juu nalijua kila ghala la nafaka kwa mji wake, nataka kutua kwenye viwanja ambavyo theluji inaondolewa na mtu mmoja tu, nataka kuwarudisha nyumbani wale bibi wanaotoka kwa daktari na mikoba yao mapajani. Lakini naogopa huenda ni woga tu unaonivuta, au ni huruma kwa baba, na kwamba nikibaki nitakuwa nimemrudishia machoni kile kilichomkuta yeye. Jikoni ana redio ndogo inayonasa sauti za marubani, haizimwi, maana uwanja wa Devils Lake hauna mnara wa kuongoza ndege na kila anayekuja kutua lazima ajitangaze yuko wapi, na baba anapika huku akiwasahihisha, "Huyo yuko juu mno. Huyo anaharakisha maneno, mgeni huyo." Nikimfikiria peke yake na redio hiyo nalia, na nikijifikiria nimebaki kwa ajili hiyo nalia tena. Nisaidie, Shangazi, Jumatatu inakuja.

Ni mimi,
Maren

*

Maren mwanangu,

Pongezi, hata kama huzitaki. Kisha nikukaripie kidogo. Umeposwa na wawili, umewapa wote siku moja ya harusi, halafu umejifungia ndani ya gari. Unafundisha watu kutua upepo ukiipiga ndege ubavuni, na simu moja imekushinda.

Mimi niligawa kahawa angani miaka mingi kabla sijapewa ukurasa huu wa gazeti wa kujibu barua zenu, na niliolewa na rubani aliyeishi Bismarck, hukuhuku kwetu, na kufanya kazi Newark. Marehemu Duane alikuwa mtu mwema sana, nami nilimpata kwa mafungu. Ndege ikijaa, anabaki hukohuko. Krismasi yetu ilikuwa siku yoyote aliyopata kiti, na mwaka mmoja tulikula bata mzinga watoto wakiwa wameshafungua shule. Wapo wanaoyapenda maisha hayo, wanalala dabo deka wanacheka kama wako kambini, na hao nawaambia waende. Nimesoma barua yako mara mbili nikikutafuta kati yao na sikukuona. Newark umeiandika kama mtu anayesoma tangazo. Miji yako umeitaja kwa majina.

Pesa ya kukaribishwa ni tamu na huisha upesi, na ndege mpya itazeeka wewe ukiwa ndani yake. Kitakachobaki ni pale unapoamkia.

Unauliza kama ni woga au ni baba. Soma tena ulichoandika kuhusu wale bibi na mikoba yao. Baba yako hayumo humo. Hata Arlo akihamia Florida kesho akaoa, wewe utataka kuwarudisha wale bibi nyumbani, na huko si kuogopa, mwanangu, huko ni kuijua kazi unayoipenda. Shati la kabatini liache lilipo. Ni huzuni yake, wewe hukuachiwa uivae.

Na usidhani Arlo anataka Newark. Anayetaka kitu hakisemi amekupa mgongo. Anaogopa kuwa yule mzee aliyeanguka katikati ya mavuno, ndiyo maana alikwambia si mgonjwa wakati hakuna aliyemuuliza. Anakusukuma ili asiwe sababu ya wewe kubaki, na wewe unakimbia ili asidhani amekuwa sababu. Mnapendana kupita kiasi ninyi wawili, na mnadanganyana kwa ajili hiyo. Nimeisoma barua yako nikatokwa na machozi, kisha nikakasirika.

Kwa hiyo anza na baba, kabla habari hazijamfikia kupitia mgahawani. Usimwambie jikoni, atageukia sufuria. Sisi watu wa huku mambo mazito tunayasema ndani ya pikapu, wote tukitazama barabara. Mwombe mwende popote, hata kuchukua kopo la oili. Mkishatoka mjini mwambie, "Baba, nimechagua Fargo. Sikukuchagua wewe, nimechagua kazi." Halafu nyamaza. Atasema kitu kuhusu mvua. Mwache aseme, na usijaribu kumfafanulia zaidi.

Mkirudi, wapigie Harborline kwa sauti yako mwenyewe, usitume ujumbe na usitunge ugonjwa. Washukuru, waambie umechagua kwingine. Nafasi unayoikalia kuna kijana anaisubiri, na kila siku unayomchelewesha unamsogeza nyuma kwenye foleni ambayo umesema mwenyewe ndiyo kila kitu. Isitoshe dunia ya marubani ni ndogo. Dada utakayeongea naye leo ndiye atakayekukalisha kitako akuhoji siku ukiliomba kazi shirika kubwa, na utaliomba, maana Fargo ni kazi ya kwanza, si kaburi.

Tallgrass nao usiwaendee umefumba macho. Usiwaulize wanaoajiri, hao wanalipwa kutabasamu. Nenda uwanjani Fargo, wanunulie kahawa marubani wasaidizi walioanza mwaka jana, uwaulize wanasubiri kuitwa muda gani, wanalala wapi, na mkataba unamfunga mtu hadi lini. Wakikujibu wanatazama viatu, niandikie tena.

Na siku utakayokuja kutua Devils Lake mara ya kwanza na abiria nyuma yako, usimpigie Arlo simu kumwarifu. Jitangaze redioni kama wote wanavyojitangaza, jina la shirika, umbali, njia unayotua, bila kuongeza neno. Sema polepole tu, asije akakuita mgeni. Atakuwa jikoni, na ataacha kukoroga.

Shangazi yako,
Verna