Jiko la Mbele

Portland, 9 Aprili

Shangazi Ernestine,

Mvua haijakatika, na magoti ya Mama ni yale yale. Jumba la mikutano la watu weusi wa mtaa wetu limekwisha kujengwa, tunalifungua Jumamosi.

Mwanzo, nilipolichorea ramani, niliweka jiko nyuma. Bi Odessa wa kwaya akaitazama ramani. "Mwanangu, tukitoka kuzika huwa tunakaa wapi?"

"Jikoni."

"Sasa mbona umetuficha? Milango ya nyuma tuliyolazimishwa na wazungu hatujaichoka?"

Nikafuta. Sasa ukiingia tu utapokewa na harufu ya kuku wa kukaanga, na watu watacheka kabla hawajavua makoti.

Kiwanja ni kile ambapo watu wa jiji walikubomolea nyumba. Najua uliapa hutakikanyaga. Mama alinionyesha jiko lako liliposimama; hili liko hapo hapo. Njoo uliwashe.

Mwanao,
Lavinia