Magoli ya Uwanja wa Kisiwani

Shauri Moyo,
Nairobi.
14 Aprili 2025

Mpendwa Baba Mdogo Muoki,

Tangu tumzike Baba, kuna mlio mmoja usionitoka: nyundo yake ndogo ikigonga bomba. Kila alipomaliza kuchomelea aligonga, kisha akainamisha sikio. Kiungo kizima kiliimba. Kibovu kilikohoa.

Hamjambo lakini? Mama Mdogo Benta na watoto wana afya? Ziwa limetulia? Usijilaumu tena kwa kukosa mazishi. Sote tulijua mashua hazikuvuka wiki ile. Mimi mwili ni mzima.

Mama si mgonjwa, ila amenyamaza. Baba aliacha magoli ya uwanja wenu yamekamilika, bado rangi tu. Tuliyaegemeza ukutani nje, na kwa urefu wake yakapita hadi kwa jirani. Mama huanika nguo juu yake, na kila asubuhi kabla ya chai huyagonga kwa kijiko. Kisha husimama pale mpaka mlio ufe.

Mulama, aliyefanya kazi na Baba kibandani, alijaribu kumtania. "Mama Muthoki, goli si kamba ya nguo. Watoto wa watu wanangoja."

"Gusa uone," Mama akamwambia. "Wao wangoje. Mimi nitamngoja nani?"

Mulama alichukua kofia yake akaenda.

Nimekuwa nikikumbuka uliyotuandikia: kisiwa kizima mlivyosawazisha mteremko kwa majembe, mkapanga mawe ya kukalia, na watoto wanavyocheza kati ya fito zinazoangushwa na upepo. Baba alitusomea kwa sauti, akicheka. Aliwaahidi magoli Pasaka hii. Nimeiweka ahadi hiyo kando ya kijiko cha Mama, nikashindwa kuona jambo lipi ni dogo.

Msalimie sana Mama Mdogo, na Kyalo aliyesema atakuwa golikipa. Mungu awe nanyi majini na nchi kavu.

Jana, Jumapili ya Matawi, Mama alipokuwa kanisani, nilimwita Mulama aje na mkokoteni tuyapeleke kwenye lori. Magoli yako njiani. Njoo na mashua uyapokee ufukoni Jumatano. Yagonge kabla hujayasimika.

Mama alirudi. Alikuta nguo nimezikunja kitandani. Akatoka, akaliegemeza tawi lake ukutani, pale pale.

Leo asubuhi kijiko kimekoroga chai tu.

Ni mimi mwanao, nikupendaye,
Muthoki