Koti la Babu

Shikamoo Shangazi,

Jua la Mwanza limenichosha, lakini ile picha ya Babu ya sebuleni kwako ndiyo imenimaliza kabisa. Studio alikopigwa enzi za Mwingereza nimeipata mtaa wa Mirongo. Mwenyewe, mjukuu wa mpiga picha, kanimwagia mezani picha za wateja wa wakati huo. Kumbe wanaume wote wamevaa koti la Babu! Saa ya mkononi ni ileile ya Babu, na kifungo cha juu cha koti hakipo, kama kwenye picha yako.

"Koti na saa vilikuwa vya studio," akaniambia. "Mteja anavaa, anapigwa picha, anavua."

Na wewe miaka yote hii humsemeshi Baba Mdogo, eti kaficha koti la urithi!

Nakuletea sato wakavu wawili. Mmoja ni wa Baba Mdogo. Utampelekea mwenyewe, na umsalimie wewe kwanza.

Nakupenda hivyo hivyo,
Mwanao Neema