Buni za Mama Zimeharibika, Nimwambieje?

Dada Filomena, shikamoo. Unisamehe kwa kuchelewa kukuandikia, barua hii nimeianza tangu kabla ya mvua za vuli, kila nikiketi mtoto analia au moto unazimika, na kusema kweli nilikuwa naogopa pia, maana jambo lenyewe linamhusu mama yangu mzazi. Mume wangu Hamza alipunguzwa kiwandani, sasa tunaishi kwa kahawa, mimi nakaanga, natwanga na kuchemsha hapa nyumbani Mji Mpya, yeye anazungusha birika kwa wazee wa sokoni, na buni zote zinatoka kwa mama kule Kinole, kwenye shamba la ukoo ambalo kwa desturi yetu Waluguru litakuja kwangu mimi binti yake.

Zamani kahawa ya mama ilikuwa haina mfano. Lakini misimu hii miwili ni balaa, gunia limechanganyika, kuna zilizochumwa mbichi, kuna nyeusi, kuna zenye ukungu, hata vijiwe vimo, nikikaanga nusu zinaungua na nusu bado hazijabadilika rangi. Juzi wazee walimwambia Hamza, "Kijana, leo umetuchemshia kahawa au viatu vya mgambo?" Wakacheka, wakahamia kwa muuzaji mwingine. Hamza akarudi na birika limejaa, akasema, "Hidaya, buni za mama yako zisiingie tena humu ndani."

Nikapanda Kinole na mtoto mgongoni. Mama akanipapasa uso, akasema nimekonda, akatumiminia uji ukamwagika nje ya bakuli, nami kwa hasira na uchovu nikamwambia, "Mama, siku hizi huchagui buni?" Akanijibu, "Nachagua kwa vidole, mwanangu. Mbona yule mnunuzi anayekuja na gari anachukua zote, hajanirudishia hata punje? Ukizikataa wewe, umelikataa shamba." Nikashuka mlima nalia. Hamza naye hataki kusikia, na buni nilizonazo hazifiki mwisho wa juma hili.

Naomba unitumie namna ya kuchagua buni nzuri, na maneno ya kumwambia mama yasiyomvunja moyo, na jibu la kumpa Hamza, na kama yupo msomaji mwenye ungo asiouhitaji, wangu umetoboka, naomba na huo.

Hidaya, Morogoro

JIBU

Marahaba, Hidaya. Nakupa pole, halafu nakugombeza. Umenieleza rangi ya kila punje iliyomo guniani, macho ya mama yako hukuyatazama. Mtu anayekujua kwa kukupapasa, anayemwaga uji nje ya bakuli, anayechagua buni kwa vidole, huyo haoni! Tunda la kahawa jekundu na la kijani, kinachoyatenganisha ni jicho. Enzi za ushirika karani angemrudishia gunia, "Mama, kachague upya," na kijiji kizima kingeuliza kulikoni. Huyu wa gari anapakia nzuri na mbaya kwa bei ya mbaya, anasema asante, anaondoka. Misimu miwili hakuna aliyegundua. Na wewe mwanawe umo.

Buni hizo zimwage juu ya kitambaa cheupe mchana. Nyeusi, zilizotobolewa na wadudu na zenye ukungu tupa, usimwonee haya mtu. Ing'ate moja: ikibonyea haijakauka, irudi juani. Tenga kubwa na ndogo, kila fungu likaangwe peke yake, ndipo zitaiva pamoja. Utabaki na chache. Uza hizo chache.

Mama usimwambie buni zimeharibika. Mwambie, "Mwaka huu nachuma mimi, wewe nifundishe." Kisha mpeleke hospitali juma hili hili. Siku hizi wanadai tuchangie matibabu, kwa hiyo anza kwa mjomba wako, kwenu ndiye mwenye kauli, shamba ni la ukoo na macho haya yameharibikia humo. Sikudanganyi: kama ni mtoto wa jicho, kuna matumaini. Kama ni ugonjwa mwingine, huenda mmechelewa, nawe utakuwa macho yake mpaka mwisho.

Hamza mwambie aache kununa, aweke birika chini, naye apande mlimani akachume.

Mkimteremsha mama, mshikeni mkono kila mmoja upande wake. Njia ile siku nyingi haioni, anaikumbuka tu.