Vidonge Vidogo vya Mama

Jumanne, Mei 1996

Sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata wenzangu wa kwaya, kwamba Mama humeza dawa ya wasiwasi.

Siku zote vilikuwa vidonge vyeupe, vikubwa. Juzi duka la dawa hapa mtaani Baba Dogo likampa vya manjano, vidogo, ndani ya bahasha ya kaki isiyo na jina la dawa. Mama akaamini amepewa vya watoto. Mikono inamtetemeka tena, na asubuhi alisema, "Hivi havina nguvu. Jioni nitameza viwili."

Niliogopa. Nilipotoka shule nikapitia dukani kuuliza.

"Msichana, mama yako anakula dawa ama anakula rangi?" mwenye duka akasema, na foleni nzima ikacheka. "Ni dawa ile ile, kampuni nyingine!"

Kama ni ile ile, mbona hakumwambia? Sentensi moja tu! Na kama Mama anahisi tofauti, ni nani aliyemuuliza? Kumcheka mgonjwa ndiyo kazi yake?

Sikuondoka. Nikaomba kuona kopo la vile vya zamani na la hivi vipya. Akanung'unika, akayashusha. Jina moja, nguvu moja.

Nilimkuta Mama ana viwili kiganjani. Nikamweleza nilichosoma, na kwamba kesho nitamsindikiza kliniki akaseme mikono bado inatetemeka. Kisha nikaandika jina la dawa kwenye bahasha, na chini yake: KIMOJA.

Alimeza kimoja. Kingine akaniwekea mkononi.