Anarudi au Harudi

Jumatatu, 3 Juni
Nimepewa sehemu ya mama. Mimi nilitaka sehemu ya binti — fundi sauti kanicheka, eti umri unabisha hodi. Filamu ni ya kigeni, sisi tunaitia maneno ya Kiswahili. Mama huyo wa filamu ana kijana aliyetoka asubuhi moja, basi. Kila jioni anampakulia sahani yake na kuacha mlango wazi. Leo tumeitazama yote bila kurekodi. Mwishoni wanamletea koti la kijana. Anainuka, anafunga mlango. Hakuna hata muziki. Nimerudi nyumbani.

Na nyumbani mlango wazi vilevile. Mdogo wangu, Kitinda, alikwenda kutafuta kazi, mwaka wa nne huu. Simu yake ilipoacha kupatikana, Mama akalificha kufuli la mlango, asije akakuta kumefungwa. Tunalala tumeegemeza kiti mlangoni. Wezi wakija watadhani wamealikwa.

Jumanne, 4 Juni
Nimeshindwa mara chungu nzima. Mstari wenyewe mdogo — mama anamwita mwanawe aje kula. Fundi kaniambia nalia vizuri mno, mwenye uchungu hana sauti nzuri. Nilipochoka nikaacha maneno ya kwenye karatasi, nikaita kama Mama anavyoita jikoni akidhani simsikii: "Wee baba wee, chakula kinapoa."

Maneno yakalingana kabisa na midomo ya mama wa filamu. Fundi kauliza nimeitoa wapi hiyo. Imekuja tu, nikamjibu. Najiona mwizi.

Jumatano, 5 Juni
Tumemaliza. Pale mlangoni mama anasema neno moja: "Harudi." Nililisema mara moja, likakaa. Fundi kapiga makofi. Mimi nimeogopa jinsi lilivyokuwa tayari mdomoni.

Jumapili, 9 Juni
Harudi. Nikifua, harudi. Nikipanda ngazi, harudi. Sauti yangu mwenyewe, na siwezi kuinyamazisha.

Jumamosi, 22 Juni
Wameonyesha sehemu ya kwanza ya filamu kwenye TV. Sikumwambia Mama — jirani yetu, Mama Pacha, ndiye kamwita: sauti ya binti yako iko kwenye TV! Nilipoingia na vikapu vyangu nikawakuta wameshakaa. Mama haoni vizuri siku hizi, anatazama kwa masikio. Ilipofika "chakula kinapoa" hakuitazama TV. Aligeuka upande wangu. Sikujua uso niuweke wapi.

"Huyo ni mimi," akasema polepole.

Nilingoja anigombeze. Hakunigombeza. Tulipokaa kula ndipo akauliza:

"Anarudi?"

"Nani?"

"Mtoto wa yule mama. Wewe si umeshafika mwisho?"

"Anarudi, Mama."

Limetoka lenyewe. Kala akamaliza sahani, kitu ambacho sijakiona siku nyingi. Kaosha vyombo akiimba. Mungu wangu, nimefanya nini? Sehemu ya pili ni kesho.

Jumapili, 23 Juni
Nimejaribu kila hila. Nimesema twende kwa shangazi — kasema shangazi hahami. Nimechomoa waya wa antena. Mama Pacha kaurudisha, eti panya wa nyumba hii wamesoma. Mama kavaa gauni lake la kwendea harusini. Anataka kumwona kijana akiingia.

Nimejifungia chumbani. Naandika. Sebuleni naongea mimi, huku nimekaa mimi. Sikujua mtu anaweza kuliogopa koo lake.

Koti limeletwa, nasikia viti vya filamu vikisogezwa. Mlango unafungwa.

Harudi.

TV imezimwa. Mama Pacha kaaga, hata utani hana. Nyayo za Mama. Anagonga.

Nimemfungulia. Hajalia. Kauliza kama mtu anayeulizia chumvi:

"Jana uliniambia anarudi. Leo ni wewe huyohuyo umesema harudi. Nishike lipi?"

Nikasema ni filamu tu, Mama.

"Najua ni filamu. Lakini ile ya leo ndiyo sauti yako unaposema kweli. Mimi ndiye niliyekuzaa."

Nimerudi mezani, nimeshika kalamu. Nimemwambia nakuja, kuna kitu namalizia kuandika. Kaketi kitandani kwangu na gauni lake la harusi. Kufuli la mlango liko mapajani, limeshika kutu, sijui kalitoa wapi. Kaniambia andika tu, mwanangu, nitangoja.